Namna Ninavyowasomesha Vijana Habari za Mueda

Mwalimu wa tarehe katika pwani hii ya Palma na Kionga, kaskazini mwa Msumbiji, atakapo kuwaeleza vijana jinsi wazee wao walivyopigania haki za uraia, huvutwa aanzie kwenye risasi za Mueda za tarehe 16 Juni 1960, ama kwenye shambulio la Chai la tarehe 25 Septemba 1964 lililofungua vita vya ukombozi. Mimi njia hiyo nimeiacha, kwani mwanafunzi aliyeanzia kwenye bunduki hubaki na bunduki moyoni, asijue ni nini hasa kilichokuwa kikidaiwa.

Naanza na sheria. Naandika ubaoni masharti ya amri ya Wareno ya mwaka 1954, ambayo kwayo Mwafrika wa Msumbiji hakupata uraia ila awe ametimiza miaka 18, aseme Kireno sawasawa, awe na kazi au pato la kujilisha yeye na aila yake, na mwenendo uwaridhishao watawala. Asiyeyatimiza alibaki indígena, wa kutembea kwa hati, kutozwa kodi, kulimishwa pamba kwa nguvu na kutiwa katika shokoa iliyoitwa chibalo. Kisha kila kijana huchagua mtu wa zama za babu yake, awe nahodha wa jahazi, sonara wa Ibo, au shehe aliyehifadhi Kurani yote na kuandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, akampima kwa masharti hayo moja baada ya moja. Shehe huanguka kwenye Kireno, na elimu yake yote isihesabiwe kitu. Vijana hughadhibika, nami siwatulizi haraka, maana pasipo ghadhabu hiyo hawatafahamu kwa nini watu waliacha mashamba yao wakaenda Mueda.

Hapo ndipo nawataja Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaja kusema na serikali; wakakamatwa mbele ya umati, umati ukalalamika, askari wakapiga risasi. Nawataka wanafunzi waandike madai ambayo wao wangeyapeleka, kwa Kimwani au Kiswahili kwanza, ndipo kwa Kireno.

Kuhusu idadi ya waliouawa, siwafichi kitu: Frelimo, chama kilichoongoza vita vya ukombozi, kimetaja watu wapatao 600, na wako watafiti wasemao ni wachache mno kuliko hao. Vijana waliopita madrasa wanajua kuuliza nani aliona na nani alipokea kwa nani. Basi nawapa riwaya ya Alberto Chipande, aliyesema alikuwapo, ambayo Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1969, waipime kwa kanuni hiyo hiyo. Dhulma haipungui kwa hesabu kupungua, na hilo nalisema wazi.

Watu wa Mueda walikuwa wakiigiza tukio hilo kila mwaka, na Ruy Guerra akalipiga filamu mwaka 1979. Nasi twaigiza, walakini tangu vita hivi vya sasa vya Cabo Delgado vilipozuka mwaka 2017, madarasani mwetu wamo watoto walioshuhudia jamaa zao wakiuawa. Kwa hiyo mchezo wetu huishia mlangoni pa ofisi ya serikali, madai yakisomwa kwa sauti. Kipindi kinachofuata ni cha sheria ile kufutwa mwaka 1961, na swali ninalowapa waende nalo nyumbani kwa wazee ni hili: kulibadilika nini kijijini mwaka huo, na nini hakikubadilika mpaka uhuru wa 1975?