Kuwapeleka Watoto Wadogo Kuona Wanyama

Somo kwa baba, mama na walimu wa watoto



Watoto hupenda wanyama. Mtoto aliyezaliwa mjini amesikia habari za simba, mamba na nyani katika hadithi za nyanya yake, lakini hajawaona kwa macho. Siku akipelekwa kuwaona, atazungumza habari zao juma zima. Jambo hili ni jema, nasi hatutaki kulizuia.

Katika Kongo ziko mahali pa kuwapeleka. Katika mji wa Lubumbashi iko zoo ambayo wenyeji wote wanaijua. Tena katika mji huo, mwaka wa 2006, lilianzishwa shirika la J.A.C.K. la kulea sokwe yatima, wale ambao wengi wetu twawaita sokomutu. Huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kazi ya namna hiyo ilianza mwaka wa 2002. Na karibu na Kinshasa iko Lola ya Bonobo, kazi iliyoanza mwaka wa 1994, wanapolelewa bonobo. Mnyama huyu haishi porini katika nchi nyingine yo yote duniani, ila katika Kongo tu.

Lakini kwenda kuona wanyama na mtoto mdogo kuna kanuni zake. Asiyezijua aweza kurudi nyumbani na ugonjwa, au kuwaachia wanyama ugonjwa. Basi tujifunze.

Mfano wa kidole cha mtoto

Baba mmoja aliwapeleka watoto wake watatu kuona wanyama siku ya mapumziko. Mdogo wao alikuwa na miaka minne. Mbele ya nyumba ya nyani palikuwa na vizuizi viwili: cha kwanza kifupi, cha mbao, cha pili kirefu, cha waya. Mtoto alitaka kumpa nyani karanga, lakini mkono wake haukufika. Mtu aliyesimama pale akasema, "Mvushe tu, baba. Huyu amezoea watu." Baba akamwinua mtoto, akamvusha kizuizi cha mbao. Nyani akashika karanga, akashika na kidole, akauma.

Jeraha lilikuwa dogo sana, kama limechomwa na sindano mbili. Baba akaona haya, kwa maana kosa lilikuwa lake. Akafunga kidole kwa kitambaa, akamwambia mtoto, "Usimwambie mama."

Siku ya nne mama alipokuwa akimwogesha mtoto, aliona kidole kimevimba. Akauliza, mtoto akanyamaza. Akauliza tena, ndipo mtoto akasema. Saa ile ile wakaja hospitali, mama akimbeba mtoto, baba akifuata nyuma.

Munganga hakumkemea baba. Alimwuliza maneno matatu tu: "Aliumwa siku gani? Mliosha jeraha kwa sabuni? Mnyama yule yuko wapi sasa?" Baba akajibu la kwanza na la tatu. La pili hakulijibu.

Kwa nini munganga aliuliza hivyo? Kwa sababu wanyama wanaonyonyesha, si mbwa peke yao, waweza kuwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huingia kwa mate, penye jeraha. Mara nyingi hukaa mwilini majuma mengi, hata miezi miwili au mitatu, bila kuonyesha dalili yo yote. Lakini dalili zikiisha kuonekana, karibu wote hufa, na hakuna dawa ya kuwaponya. Dawa yetu ni ile ya mbele: sabuni, maji na chanjo, mapema. Siku nne za haya zaweza kumpoteza mtoto.

Mtoto yule alipewa chanjo zote, na leo ni mzima. Lakini si kila baba aliyeficha jeraha alipata neema hiyo.

Magonjwa hupita pande zote mbili

Watu wengi hufikiri kwamba kizuizi kimewekwa kuwalinda watu tu. Sivyo. Kizuizi humlinda mtu, tena humlinda mnyama.

Sokwe na bonobo wanafanana na sisi ndani ya mwili. Katika asili ya miili yao, sehemu kama 98 au 99 katika 100 ni sawasawa na zetu. Kwa hiyo magonjwa yetu mengi huwashika wao: mafua, surua, kifua kikuu. Mafua ambayo kwetu ni ya siku tatu tu, kwao yaweza kuwa kifo. Katika msitu wa Taï, nchi ya Côte d'Ivoire, sokwe walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Wachunguzi walitafuta chanzo, na mwaka wa 2008 walitangaza kwamba vijidudu vile vilikuwa vya watu. Watu waliokuja kuwatazama kwa upendo ndio waliowaletea ugonjwa.

Ndiyo maana kanuni ya ziara za gorila wa milimani katika Virunga ni kwamba wageni wavae barakoa, wasimame mbali, na mtoto asiyefika miaka 15 asichukuliwe. Si kwamba watoto wanachukiwa. Watoto hushikwa na mafua na surua mara nyingi kuliko watu wazima, tena hawajui kufunika mdomo wanapokohoa.

Kwa upande wa pili, wanyama nao hutupa magonjwa yao. Ndui ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, ilijulikana kwanza katika nyani wa maabara mwaka wa 1958. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa miezi 9 hapa Kongo, mwaka wa 1970. Ingawa ina jina la nyani, yadhaniwa kwamba panya na kindi wa msituni ndio wanaoitunza zaidi. Basi tusimwogope nyani peke yake na kumchezea kindi.

Hata wanyama wapole wana hatari yao. Kobe na mijusi hubeba juu ya ngozi vijidudu vya kuharisha. Mbuzi na ng'ombe wanavyo katika mavi yao, na mavi hushika katika manyoya na katika kizuizi chenyewe. Mtoto hushika, kisha hutia kidole kinywani. Watoto wasiofika miaka mitano huumizwa zaidi na kuharisha kwa namna hiyo, kwa maana miili yao haina nguvu ya kutosha.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tazama kadi ya mtoto. Je, amepata chanjo zake? Ya surua hutolewa mtoto anapofika miezi 9. Kama imepita bila kutolewa, mpeleke kwanza kupata chanjo, wanyama watamngoja.

Mtoto mwenye homa, mafua, kikohozi, kuharisha au vipele abaki nyumbani. Atalia, ndiyo. Mwambie kwamba mtakwenda siku nyingine, kisha utimize neno lako. Mtu mzima mwenye kikohozi naye abaki.

Chukueni maji yaliyochemshwa ya kunywa, kipande cha sabuni na chombo cha maji ya kunawa. Msitumaini kwamba mtayakuta huko. Mvike mtoto viatu, maana chini pana mavi, miiba na vipande vya chupa.

Kama ni mwalimu anayepeleka kundi la watoto, atafute wasaidizi. Kwa watoto wadogo wawili au watatu, mtu mzima mmoja. Awahesabu wakitoka, wakifika, na kila wanapohama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine.

Mkiwa mbele ya wanyama

Wafundisheni watoto neno hili fupi kabla ya kufika: Macho yapite, mikono isipite. Hata mtoto wa miaka mitatu aweza kulishika. Mwulize njiani, "Nini kipite?" naye ajibu.

Mtoto asipande juu ya kizuizi wala asiinuliwe kuvuka. Ukitaka aone vizuri, mbebe begani ukiwa umesimama mbali.

Mama mwenye mtoto mgongoni ajiangalie sana. Anapogeuka kuzungumza na mwenzake, mtoto ndiye anayekuwa karibu na waya kuliko yeye. Nyani ana mkono mrefu, naye hupenda kuvuta kitambaa, kofia na nywele. Basi geuka mbali na waya.

Msiwape wanyama chakula. Karanga, mkate na peremende hazifai kwao, na chakula kilichoshikwa na mkono wa mtoto mwenye mafua hupeleka mafua. Tena mnyama aliyezoea kupewa hukasirika asipopewa, naye atamwuma mtoto atakayekuja nyuma yenu.

Msimcheke mnyama kwa kelele, msimtupie mawe, wala msimwonyeshe meno. Sokwe mzima ana nguvu kuliko mtu. Mtoto anayefundishwa kutesa mnyama aliyefungwa, atajifunza kumtesa na mdogo wake.

Msile mbele ya wanyama. Ondokeni kwanza, naweni mikono yote kwa sabuni, mkianza na watoto, ndipo mfungue chakula. Kama chuchu ya chupa ya mtoto imeanguka chini, usiifute kwa kitambaa na kumrudishia. Ifunge mpaka uichemshe nyumbani.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mnyama

Fanya hivi, upesi:

1. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15 kwa saa. Ni muda mrefu, mtoto atalia. Endelea kuosha.

2. Usitie majivu, tumbako, mafuta wala majani. Hayaui vijidudu vya kichaa cha mbwa, nayo huchafua jeraha.

3. Mwambie mlinzi wa wanyama. Yeye anajua kama mnyama huyo ni mgonjwa au amechanjwa, na aweza kumwangalia siku zinazofuata.

4. Nenda hospitali au dispensere siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Jeraha la kichwa, la uso au la mkono lina hatari zaidi. Munganga atafikiri habari za chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda.

5. Ukianzishiwa chanjo, rudi kila siku uliyoandikiwa mpaka ziishe. Usiache kwa sababu mtoto anacheza vizuri. Kama siku zimepita bila kwenda, njoo hata sasa. Usiseme, "Tumechelewa."

6. Usimwambie mtoto anyamaze. Mtoto aliyefundishwa kuficha jeraha dogo, ataficha na lile kubwa.

Mnyama mdogo anayeuzwa barabarani

Watoto wakiisha kuona wanyama, huomba wapewe mmoja. Na barabarani au sokoni hutokea mtu mwenye mtoto wa sokwe au wa nyani katika kikapu. Ni mdogo, anatetemeka, anashika nguo yako kama mtoto mchanga. Mtu mwenye moyo wa huruma asema, "Nitamnunua nimwokoe."

Usimnunue. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka mingi na kukaa mwilini mwa mama yake. Mama hamwachi akiwa hai. Ukimwona katika kikapu, ujue kwamba mama yake ameuawa, na mara nyingi na wengine waliokuja kumtetea. Fedha utakayolipa itamrudisha mwindaji msituni kutafuta mwingine. Tena utakuwa umeingiza nyumbani mwako, karibu na kitanda cha watoto, mnyama ambaye hujui ugonjwa wake. Akiisha kukua atakuwa na nguvu kukushinda. Na sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe vya asili inakataza biashara hiyo. Ukiona mnyama wa namna hiyo, wape habari wakubwa wanaohusika na ulinzi wa wanyama. Wale yatima wanaolelewa Lubumbashi, Lwiro na kule Lola, wengi wao walitoka katika mikono ya namna hiyo.

Mwisho wa habari ya kidole

Mwaka uliofuata, baba yule aliwapeleka watoto wake tena kuona wanyama. Safari hii mama alikwenda pamoja nao, na sabuni ilikuwa katika kikapu. Walipofika penye kizuizi cha mbao, baba alisogea mbele kidogo ili aone vizuri. Mtoto mdogo akamshika suruali, akamvuta nyuma. "Baba," akasema, "macho tu."

Baba akarudi nyuma hatua mbili.

Maswali ya kujifunza

1. Kizuizi kimewekwa kumlinda nani?
2. Ni mtoto wa namna gani anayepaswa kubaki nyumbani siku ya kwenda kuona wanyama?
3. Jeraha la kuumwa na mnyama huoshwa kwa nini, na kwa dakika ngapi?
4. Kwa nini haifai kungoja mpaka dalili za kichaa cha mbwa zionekane?
5. Mtu anayemnunua mtoto wa sokwe kwa huruma, anamsaidia nani hasa?
6. Katika nyumba yako, je, mtoto akipata jeraha kwa kosa lake au kwa kosa lako, atakuja kukuambia?