Injini za ndege: mkiani au chini ya mabawa?

SWALI: Kwa nini ndege nyingine zina injini mkiani na nyingine chini ya mabawa? Zipi ni bora?
Msomaji, Mulongwe, Uvira

JIBU: Ndugu msomaji, kwa ndege kubwa ya abiria, bawani ni bora. Caravelle ya Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, iliweka injini mkiani, na DC-9, iliyotumika Kongo pia, ikafuata. Faida zipo: bawa hubaki tupu, na injini iliyo juu haifyonzi changarawe kwa urahisi. Lakini angani hewa hulisukuma bawa juu. Injini iliyoning'inia hapo hulivuta chini na kupunguza mkazo huo, hivyo bawa huweza kuundwa jepesi zaidi. Fundi naye huifikia bila ngazi ndefu.

Utasema injini za mkiani zimekaribiana, hivyo moja ikizimika ndege haipindi sana. Ni kweli, ila usukani wa mkia hupimwa uweze kuzuia kupinda huko. Ndiyo maana ndege kama A320 hubeba injini bawani, huku ndogo kama CRJ-900, zenye mabawa yaliyo karibu na ardhi, zikiziweka mkiani. Usiupime usalama kwa umbo. Uliza matunzo ya ndege, mafunzo ya marubani na hali ya uwanja.