Dondoo muhimu: Kati ya Nîmes na Arles, kusini mwa Ufaransa

Anzia Pont du Gard, daraja la Warumi lenye ngazi tatu za matao na kimo cha karibu mita 49. Lilikuwa sehemu ya mfereji wa kilomita 50 uliopeleka maji ya chemchemi ya Uzès hadi Nîmes. Wahi asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii, kisha shuka hadi ukingoni mwa mto Gardon ulitazame kutoka chini. Hapo ndipo utakapostaajabia mawe yale makubwa, mengi yakiwa yamepangwa bila saruji.

Arles nenda Jumamosi, siku ya gulio. Nunua mkate, zeituni na jibini ya mbuzi, ule kivulini. Van Gogh aliishi mjini humu mwaka 1888 na 1889, ila picha alizochora karibu zote ziko kwingine.

Camargue, delta ya mto Rhône, ina heroe wa rangi ya waridi, farasi weupe na mashamba ya mpunga. Beba darubini na dawa ya mbu.

Mei au Septemba ni bora kuliko Julai na Agosti. Koti usiliache: upepo wa mistral huvuma ghafla kutoka kaskazini, tena ni wa baridi.