Betri na Plagi za Gari la Rimoti: Usinunue Kabla ya Kupima

Kabla hujatoa hela, ligeuze gari. Soma maandishi kwenye ESC, kile kisanduku kidogo kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Kikisema 2S, mwisho wako ni betri ya seli mbili. Usitie 3S kwa sababu rafiki yako anakimbia nayo. Utanusa moshi kabla ya kona ya kwanza.

Halafu chukua rula, pima kitanda cha betri. Betri ndefu za magari ya kipimo cha 1/10 huwa na milimita 139 kwa 47 kwa 25 hivi. Zile fupi, wenyewe huziita shorty, zina urefu wa kama milimita 96. Gari la shorty halipokei ndefu hata ulibembeleze.

Kama gari ni la mtoto kuchezea uani, NiMH ya seli sita, volti 7.2, inamtosha na inavumilia kusahauliwa. Wewe unayeshindana, nunua LiPo. Ni nyepesi, na gari halilegei mapema. Seli moja huhesabiwa volti 3.7 na ikijaa hufika 4.2, kwa hiyo 2S iliyojaa inasoma 8.4. Chukua yenye gamba gumu. Gari litapinduka tu, na mashindano mengi hayapokei betri laini.

Kwenye kibandiko utakuta mAh na C. mAh ni ukubwa wa tangi, C ni upana wa bomba. Betri ya 5000 mAh ni ampea-saa 5. Ikiandikwa 50C, zidisha upate ampea 250. Usiimeze namba hiyo nzima, maana kibandiko hakijala kiapo. Mimi huziweka betri kwenye mizani. Yenye sifa kubwa, bei ndogo na uzito wa unyoya, naiacha dukani.

Sasa plagi. Hapa ndipo watu wanapoteza mbio walizokwisha kuzilipia. Umeme wote wa betri yako unapita kwenye vipande viwili vya chuma vidogo kuliko kucha. Vikiwa dhaifu, betri ya bei mbaya haikusaidii. Maliza mizunguko kadhaa, kisha iguse plagi. Ikiwa ya moto, inakula nguvu iliyotakiwa kufika kwenye magurudumu.

Ile plagi nyeupe ya Tamiya inafaa kwa magari ya polepole. Ukiifunga na mota kali isiyo na brashi, italainika. Kwa gari la 1/10 la 2S mimi natumia XT60. Jina lenyewe linakutajia ampea 60, inashikika vizuri, na huwezi kuigeuza chanya ikawa hasi bila kuilazimisha. Gari la 1/8 la 4S lipe XT90 au EC5. Deans ni nzuri pia, ila ni ndogo. Jaribu kuichomoa na vidole vyenye jasho, utaelewa.

Chagua aina moja, kisha badilisha kila kitu: betri zote, gari na waya wa chaja. Kiunganishi cha kati, kile cha kuunga plagi za aina mbili tofauti, kivumilie kwenye chaja tu. Kwenye gari ni sehemu nyingine ya kupata moto na kuchomoka.

Shorty nyingi hazina waya, zina matundu ya pini za milimita 4 au 5. Pini hizo hazikulindi na kosa, kwa hiyo soma alama kila mara. Wakati wa kuchaji, chomeka waya kwenye chaja kwanza, betri baadaye. Ukianza na betri, ncha za upande wa pili zikigusana, umepiga shoti.

Ukilehemu mwenyewe, kata na uunge waya mmoja kwanza, uufunike, ndipo uende kwa wa pili. Upande wa kike, ambao vyuma vyake vimejificha, uende kwenye betri. Pitisha mrija wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kulehemu. Hili hata mimi bado nalisahau. Plagi unayoichoma ichomekee mwenzake ili plastiki isipinde. Kile chuma chembamba cha fundi simu hakitoshi, waya mnene unakinyonya joto. Tafuta cha wati 60 au zaidi. Mwisho pima kwa mita. Niliwahi kubadilisha nyekundu na nyeusi, ESC ikafa kabla sijapepesa jicho.

Chaji kwa mpangilio wa LiPo, plagi ndogo ya kusawazisha seli ikiwa imechomekwa. Betri ya 5000 mAh ipe ampea 5. Iweke sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro na pazia, na usilale ikichaji. Tanesco wakikata umeme, angalia nyuma ya chaja: nyingi zinapokea volti 12 kutoka betri ya gari.

Kwenye ESC weka ulinzi wa LiPo ili seli isishuke chini ya volti 3. Kama hukimbii wiki hii, iache betri kwenye volti 3.8 kila seli, na usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuna ndugu anakuja kutoka Dubai? Mwambie betri zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la mizigo, ncha zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa gundi. 2S ya 5000 mAh ni wati-saa 37, chini ya kikomo cha kawaida cha 100 cha ndege za abiria.

Na betri iliyovimba, usiitoboe wala usiichaji tena. Itoe nje, iunge na balbu ya gari ya volti 12 mpaka izimike kabisa. Kisha ipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki, na usiitupe kwenye jalala wanalochoma moto jioni.