Umilisi wa Mkaguzi wa Hesabu za Serikali

Watu wengi hudhani ya kuwa mkaguzi wa hesabu za Serikali ni mtu wa kujumlisha tarakimu tu, na ya kuwa akijua hesabu basi amejua kazi yake yote. Mwananchi wa Suneka, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, ana sababu ya kutaka kujua zaidi ya hapo. Maana barabara za vijijini, zahanati na masoko ya Bonchari hujengwa kwa fedha za umma, na mkaguzi ndiye atakiwaye kusema kama fedha hizo zimetumika sawasawa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 229, yampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, akague hesabu na kutoa taarifa yake. Mwaka huo humalizika tarehe 30 Juni, kwa hiyo taarifa yapasa kuwa tayari kabla Desemba haijaisha. Katika muda huo hukaguliwa hesabu za Serikali Kuu, za kaunti zote 47, za Bunge, za mahakama na za mashirika mengi ya umma. Wala haitoshi kusema kwamba stakabadhi zote zipo. Kifungu hicho chataka taarifa ithibitishe kama fedha zimetumika kwa njia ya halali na kwa kuleta manufaa. Ni hilo neno manufaa linalomtoa mkaguzi mezani na kumpeleka mashambani.

Chukua mfano wa kubuni. Wakaguzi wawili wamepewa hesabu za zahanati iliyojengwa karibu na Suneka. Makaratasi yaonyesha kwamba jengo limekwisha na mjenzi amelipwa fedha zake zote. Mkaguzi wa kwanza atazama hati za malipo, aona zimetiwa sahihi na jumla ni sawa, naye aandika kwamba hana neno. Wa pili apanda gari afike penyewe. Akuta mlango umefungwa kwa kufuli, maji hayajaletwa, na majani yameota hata kwenye ngazi. Apima vyumba na kuvilinganisha na ramani. Awauliza kwa upole akina mama watokao sokoni ni lini walipotibiwa hapo mara ya mwisho. Apiga picha, aandika tarehe na saa. Kisha ampa msimamizi wa mradi nafasi ya kujibu kabla hajaamua lolote. Watu hawa wawili wana cheti kimoja cha uhasibu, cheo kimoja na mshahara mmoja. Tofauti iliyo baina yao haimo katika cheti, nayo ndiyo iitwayo umilisi.

Wazazi wenye watoto shuleni wamelizoea neno hilo tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019. Katika ofisi maana yake ni ile ile: ujuzi, uwezo na mwenendo, vikichanganyika hata vikaonekana katika kazi yenyewe. Jambo hili limekubaliwa na ofisi za ukaguzi za mataifa mengi. Jumuiya yao, INTOSAI, iliyoanzishwa katika Cuba mwaka 1953, ina kanuni iitwayo ISSAI 150, ambayo yaitaka kila ofisi kueleza umilisi unaohitajika na kuwaongoza watumishi wake kwa kuufuata.

Kueleza ndiko kugumu. Mkuu wa ofisi akiandika kwamba mtumishi awe mwaminifu na mwenye bidii, hajaandika kitu, kwa maana hapana awezaye kukipima. Yafaa aandike matendo. Kwa mkaguzi mdogo: kila neno la taarifa yake aweza kuonyesha karatasi, kipimo au picha linalotegemea, na akiletewa zawadi na mtu anayekaguliwa, huirudisha na kumwarifu mkubwa wake siku ile ile. Kwa kiongozi wa kikosi: hugawa kazi kwa kadiri ya hatari, wala hamalizi juma zima katika stakabadhi za petroli hali mkataba wa mamilioni haujafunguliwa, tena huwarudishia wadogo wake kazi yao ikiwa na maelezo, si alama nyekundu peke yake. Kwa mkuu wao: aweza kukaa mbele ya kamati ya Bunge na kuieleza taarifa kwa maneno ambayo mtu asiye mhasibu ataelewa.

Kipimo kikiisha kuandikwa, hutumika tangu siku ya kumwajiri mtu. Hutumika pia katika kupanga safari, na hapa busara yahitajika. Mtu ajuaye Ekegusii ni msaada mkubwa katika kikosi kiendacho Suneka, kwa kuwa wazee watamweleza mambo ambayo hawatamweleza mgeni. Lakini ikiwa mjenzi ni shemeji yake, yampasa aseme mapema apelekwe kwingine. Kukiri undugu kabla ya kuulizwa ni umilisi pia, na si mdogo.

Lakini kipimo kizuri chaweza kuleta fitina kikitumiwa vibaya. Ofisi ya ukaguzi ya Marekani, GAO, ilianza mwaka 2002 kuwapima wachambuzi wake kwa umilisi, na ilianza vyema, kwani watumishi wenyewe waliulizwa ni umilisi upi unaohitajika katika kazi yao. Baadaye taratibu za mishahara zikabadilishwa zifuate bei ya soko la kazi. Mwaka 2006 watumishi 308, ambao walikuwa wamepimwa na kuonekana wanafikia kiwango, walinyimwa nyongeza ya kila mwaka, kwa sababu ilisemwa mishahara yao imepita bei ya soko. Mtu aliyeambiwa kwamba kazi yake ni njema, kisha akakosa nyongeza, hawezi kukiamini tena kipimo hicho. Mwezi wa Septemba 2007 wachambuzi wakapiga kura kuunda chama cha wafanyakazi, cha kwanza katika ofisi ile iliyoanzishwa mwaka 1921. Na mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya kuwarudishia nyongeza zao waliozikosa.

Ndiyo maana wakuu wengi wenye uzoefu huyatenga mazungumzo ya kumfundisha mtu na yale ya mshahara wake. Mtu akijua kwamba kila kosa analolikiri litapunguza fedha zake, hatakiri kosa lolote. Na yule mkaguzi wa kwanza wa mfano wetu, aliyeishia kwenye hati za malipo, hana haja ya kufukuzwa. Hufuatana na mwenziwe katika safari ijayo, naye ndiye ashikaye kamba ya kupimia na kuandika maelezo, huku mwenziwe akitazama. Kiongozi huyasoma maelezo hayo pamoja naye juma hilo hilo, kabla kumbukumbu haijafifia, na kumwonyesha mahali alipopita bila kuuliza. Ikiwa baada ya misimu miwili ya ukaguzi bado hawezi kuondoka mezani, hupewa kazi ya mezani, na cheo cha kiongozi wa kikosi hupewa mwingine.