Kabla Hujaiwasha Pikipiki Ganze: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Katika Safari Ndefu

Kijana wa Ganze aliyezoea kubeba abiria na makaa kati ya Bamba, Vitengeni na Kilifi hujiona yuko tayari kuizunguka Kenya nzima kwa pikipiki. Mkono anao. Asichokuwa nacho ni kalenda. Tuliolelewa upande huu tunaijua mvua ya kwetu: masika hushika Aprili na kukaza Mei, vuli huja kuanzia Oktoba, na kuna mwaka haiji kabisa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Lakini nchi iliyobaki haifuati kalenda ya Ganze, na tarehe mbaya ya kuondoka humwangusha hata dereva hodari. Kwa hiyo maagizo haya yanaanza na tarehe, kisha ndipo yafike kwenye pikipiki. Nayatoa kwa ukali kwa sababu matanga ya dereva kijana ni mazito kuliko hasira yake ya kukatazwa leo.

Ondoka Januari, ikishapita wiki ya kwanza, na uwe umerudi kabla ya katikati ya Machi. Huo ndio muda ambao karibu nchi yote huwa kavu kwa pamoja. Ikifika katikati ya Machi masika huanza kunyesha bara, wakati sisi Pwani bado tunatazama mawingu tukingoja kupanda mahindi. Upande wa magharibi, kuanzia Kericho na Kisii hadi Kakamega na Kitale, mvua ikishaanza haiachi upesi. Huendelea hata Agosti na Septemba.

Usidanganyike na miezi ya kusi. Juni hadi Agosti Pwani hupoa, njia za Ganze hazina matope wala jua la kuchoma, na kila mtu hutamani kusafiri. Miezi hiyo hiyo Limuru, Kinangop na Nyandarua huwa chini ya ukungu na manyunyu ya baridi kutwa nzima, na Kitale imelowa chepechepe. Anayeondoka Kilifi Julai akiwa na fulana na jaketi jepesi amejiandaa kwa Pwani tu kati ya maeneo yote atakayopita.

Usiondoke Desemba. Vuli huenda ikawa bado haijaisha, na barabara ya Nairobi–Mombasa hujaa mabasi na magari ya watu wanaokimbilia Krismasi. Pikipiki katikati ya msafara ule haina mtetezi.

Soma mito kabla ya kusoma ramani ya barabara. Hili nalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalowapata watu wa kwetu. Sabaki tunayoivuka kaskazini ya Malindi ni maji ya Athi, yaliyotoka milima ya Ngong na viunga vya Nairobi, yakapitia Ukambani, yakaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana kabla ya kutufikia. Tana nayo hubeba maji ya Mlima Kenya na Nyandarua hadi Garissa, Hola na Garsen. Mvua ikinyesha huko juu leo, huku chini itafika baada ya siku kadhaa, chini ya anga safi lisilo na wingu hata moja. Dereva anayetazama mbingu ya Garsen na kusema "hakuna mvua" anatazama mahali pasipo na habari yake. Sikiliza kilichonyesha Nyeri na Embu wiki iliyopita.

Na ukumbuke yaliyotokea karibuni. Novemba 2023, mwaka wa El Niño, daraja la Mbogolo kwenye barabara ya Mombasa–Malindi lilisombwa, na Pwani ya kaskazini ikakatwa na Pwani nyingine. Mwezi huo huo barabara ya Garissa pale Madogo ilifunikwa na maji ya Tana, ikafunikwa tena Aprili 2024. Tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu juu ya barabara iliyofurika ilizama huko, na watu wakafa.

Kwa hiyo usiipandishe pikipiki wala nafsi yako kwenye mashua ya kuvuka barabara iliyofurika. Hata ukiona wengine wanapanda. Hata nauli ikiwa ndogo na giza linaingia. Rudi mji wa nyuma ulale.

Usivuke maji yanayokimbia usiyoiona sakafu yake. Unaijua Ndzovuni pale Jaribuni: asubuhi mchanga mtupu, jioni mto. Mito ya aina hiyo utaikuta hadi Laisamis na Turkana, nayo hujaa kwa mvua iliyonyesha milimani. Maji ya kufika katikati ya gurudumu yanatosha kukusukuma pembeni, na chini yake huenda lami imeshachukuliwa. Ngoja. Maji ya mito ya msimu hushuka kwa saa chache. Mwenye haraka, maji yakishapungua, na avue viatu kwanza, avuke kwa miguu na fimbo mkononi huku ameshikwa na mwenzake. Akishindwa yeye, pikipiki pia haitapita.

Pokea utabiri kutoka mahali panapostahili. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi na wa siku chache zijazo, na ina afisi katika kaunti. Utabiri wa vuli hutoka kabla ya Oktoba. Usome, kwa maana Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, kama ilivyokuwa 2019 na 2023, vuli hugeuka mafuriko na njia ulizozoea hufungwa. Picha ya wingu iliyotumwa kwenye simu na rafiki haihesabiki.

Usitafute njia ya mkato ya Tsavo. Ukiangalia ramani, barabara ya Malindi hadi lango la Sala inavutia: unapita mbugani, unatokea Voi. Pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhi ile, na sababu unaijua: ina simba, nyati na ndovu. Shika njia ya Bamba hadi Mariakani, kisha ufuate barabara kuu. Hata huko, kati ya Voi na Mtito Andei barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hawaulizi ni saa ngapi. Saa kumi na mbili jioni ikufikie umeshaegesha. Agizo hilo ni la safari yote, si la Tsavo peke yake: usiendeshe usiku.

Pangia mwinuko kama unavyopangia umbali. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, lakini pia ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700, na ukiendelea hadi Timboroa, kwenye njia ya Eldoret, umepita mita 2,700. Kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia nyuzi sita hivi za joto. Aliyetoka Ganze akitiririka jasho atakuta asubuhi ya Timboroa iko chini ya nyuzi 10, na upepo wa mwendo unaizidisha. Vidole vikishakufa ganzi havivuti klachi wala breki. Glavu ni lazima. Vaa fulana mbili, sweta, na juu yake jaketi lisilopitisha maji. Wale madereva wa bara wanaovaa koti kinyumenyume, mgongo ukae kifuani, wanajua wanachofanya.

Injini nayo huhisi mwinuko. Boxer na TVS nyingi zilizo mikononi mwetu zina kabureta, nayo imepimwa kwa hewa nzito ya Pwani. Huko juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi hewa, moshi unatoka mweusi, plagi inashika masizi, na nguvu inapungua karibu robo. Usimruhusu fundi wa kando ya njia afungue kila kitu. Kwanza safisha chujio cha hewa na plagi. Ikishindikana, tafuta fundi wa kabureta Nakuru au Eldoret, na ukumbuke kumtafuta mwingine ukishashuka, kwa sababu kabureta iliyobanwa kwa ajili ya milima itaichoma injini ukirudi kwenye joto la Taru.

Shuka kwa gia, siyo kwa breki. Mteremko wa Mai Mahiu una malori mbele na nyuma yako. Ule wa Iten unaopitia Tambach hukuangusha zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kerio kwa kona baada ya kona. Breki ikishikwa mfululizo hushika moto na mwishowe inakataa. Usizime injini ili uokoe mafuta. Sijui agizo ambalo madereva hulivunja kwa wepesi kama hilo, na hakuna lita ya petroli inayostahili mguu wa mtu.

Magharibi, endesha kutoka alfajiri hadi saa saba mchana. Kwetu mvua ya masika hupenda usiku na asubuhi. Kule, upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima ukiwa na unyevu, na ifikapo alasiri mawingu hupasuka. Kericho na Nandi hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi ajabu. Ikikukuta, ingia dukani au kwenye kituo cha mafuta. Usisimame chini ya mti, kwa maana radi za Kisii na Kakamega huua.

Nairobi, usiingie barabara ya juu ya kulipia, pikipiki zimekatazwa. Fika mapema asubuhi, shika Southern Bypass, utokee Kikuyu. Huna shughuli katikati ya jiji.

Usipakie mzigo juu kuliko mabega yako. Upepo wa kaskazini si kaskazi ya kwetu. Mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilisimamishwa Loiyangalani kwa sababu upepo wa pale hautulii. Ukikupiga ubavuni njia ya Laisamis hadi Marsabit, mzigo mrefu unakupeleka hadi upande wa malori. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti. Na abiria ni mmoja tu. Kwa safari hii, heri asiwepo.

Vipuri nitavitaja kwa ufupi, kwa kuwa unavijua: tyubu mbili, pampu, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, spoku chache. Cheni iliyokula chumvi ya bahari na vumbi la Ganze ibadilishwe nyumbani, isisubiri Isiolo. Leseni, bima, helmeti yenye mkanda unaofungwa na jaketi la kuakisi mwanga viwe vyako, visiwe vya kuazima.

Mwachie mama, kaka au jirani karatasi yenye majina ya miji na tarehe zake. Kila jioni piga simu. Ukibadilisha njia, mwambie kabla hujaondoka mjini.

Usiende kaskazini peke yako. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500 za lami, na lami hiyo huwapumbaza watu wakadhani wako barabara ya Malindi. Vituo vya mafuta viko mbali kimoja na kingine. Pima mwenyewe, kabla ya safari, pikipiki yako yenye mzigo inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, na usipite mji wenye petroli huku tangi liko nusu. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu. Uliza polisi kuhusu usalama kila asubuhi, Isiolo na Archers Post kwa njia hii, Marich na Kainuk ukichagua ya Lodwar. Wakisema ngoja, ngoja. Anayetaka kwenda Garissa kupitia Garsen aulize Garsen vivyo hivyo.

Usiingie Chalbi kukiwa na wingu upande wowote. Jangwa lile ni sakafu ya ziwa la kale. Likikauka ni gumu na unaweza kulipita. Likinyeshewa hugeuka tope la chumvi linalomeza magurudumu, mbali na kijiji na mbali na simu. Waulize wenyeji wa Maikona au Kalacha, na jibu lao liwe la mwisho. Fedha ya kulala Marsabit siku mbili au tatu zaidi ukingoja pakauke, itenge tangu Ganze.