Siku Tisa Bila Msuluhishi

Ndoa yetu haijawahi kuwa ya watu wawili. Nyumbani Dar es Salaam kuna watoto watatu, kuna dada wa kazi, kuna wifi yangu anayepita kila Jumapili, kuna mama mkwe anayepiga simu kabla sijapiga mswaki. Tukikwaruzana usiku, asubuhi mmoja humwambia mwenzake "chai iko mezani" kwa sababu watoto wanatazama, na ugomvi unaishia hapo bila mtu kuomba radhi. Tumeishi hivyo miaka kumi na miwili, nami niliamini huko ndiko kupatana. Halafu Februari moja tukawapeleka watoto kwa bibi yao Dodoma, tukapanda ndege kwenda Muscat, Oman. Siku tisa, mimi na yeye tu. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Hela ihesabiwe na wote wawili, kabla ya kuondoka

Riyali ya Oman ni hela nzito. Moja ina baisa 1,000, na tulipokwenda ilikuwa inazidi shilingi 6,000 zetu. Hela nzito ina mtego wake: namba zinakuwa ndogo, na namba ndogo hulaza akili. Mume wangu kila mahali alikuwa anasema, "Riyali tano tu." Mimi nilikuwa nazidisha kichwani, kimya, hadi bei ya chupa ya maji, na kila hesabu niliyoifanya bila kumwambia niliiandika moyoni kama deni lake.

Jioni ya pili tulikuwa soko la Mutrah, akasimama kwenye duka la ubani. Muuzaji alikuwa ameutandaza ubani wa Dhofar kwenye masinia, kila daraja na sinia lake: ule wa manjano wenye vumbi upande mmoja, na upande wa pili punje kubwa nyeupe zilizoingiwa na ukijani kidogo, wanazoziita hojari. Akaidondosha punje moja juu ya kaa la moto kwenye chetezo. Ikatoa povu dogo, ikachemka pembeni, kisha moshi ukapanda umenyooka kama uzi, na harufu yake ilikuwa kama ya ganda la ndimu lililokwaruzwa sasa hivi. Mume wangu ni mtoto wa Tanga, amekulia nyumba inayofukizwa kila Ijumaa. Alifumba macho. Alipoyafumbua akatoa riyali kumi na tano.

Nikalipuka. Zaidi ya elfu tisini, za kuchoma moto! Nilisema yote niliyokuwa nimeyalimbikiza tangu uwanja wa ndege, kwa Kiswahili, wala sikupunguza sauti.

2. Lugha yako si pazia

"Wanangu," ikaja sauti kutoka nyuma ya duka, lafudhi ya Unguja mjini kabisa, "kaeni kwanza. Ubani haununuliwi kwa hasira."

Mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi alikuwa ameketi pale muda wote. Nilikuwa nimesahau nilipo. Muscat ina familia nyingi zilizotoka Zanzibar, wengine waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wengi wakaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na hadi leo kuna nyumba ambako bibi na wajukuu wanazungumza Kiswahili. Tukamwamkia shikamoo, macho chini. Akaitikia marahaba, akatumiminia kahawa chungu yenye iliki, akatusogezea halua. Kisha akauliza jambo moja: "Mnagombania riyali, au mnagombania kutoulizana?"

Sikumjibu. Nilichokiona ni jinsi sote wawili tulivyomgeukia yule mzee kwa nafuu kubwa, kama watoto waliopata mtu mzima. Tulikuwa tumevuka bahari, na bado tulikuwa tunatafuta mtu wa tatu wa kutupatanisha.

Usiku ule tulimwaga hela zote kitandani, tukazihesabu kwa sauti, tukaandika kwenye daftari. Kinachozidi riyali kumi, tunaulizana. Ubani tulibaki nao.

3. Kila mtu ashike pasi yake

Na kadi yake ya chanjo, na nakala ya tiketi yake. Mkoba mmoja ukipotea, abaki mmoja mwenye karatasi za kumsaidia mwenzake.

4. Semeni saa ya kurudi

Bonde la Wadi Shab liko kwenye barabara ya pwani iendayo mji wa Sur. Unavushwa kwa mashua ndogo, halafu unatembea kwa miguu karibu saa nzima, majabali yamesimama pande zote mbili, mpaka kwenye mabwawa ya maji ya kijani. Kuanzia hapo ni kuogelea. Mwisho wake kuna ufa mwembamba kwenye mwamba, kichwa kinapita kwa shida, na ndani yake pango lenye maporomoko ya maji.

Yeye anaogelea tangu utotoni. Mimi nimekulia Dodoma, sijui kuogelea. Akasema, "Nakuja sasa hivi," akaingia majini.

Sasa hivi ya nani? Nilikaa juu ya jiwe nikiangalia kona aliyopotelea. Simu haikuwa na mtandao. Aliyetuvusha alikuwa ametuonya kwamba mvua ikinyesha milimani maji hushuka bondeni kwa ghafla, nami nilikuwa nalikazia macho kila wingu. Baada ya nusu saa nilikuwa na hasira. Baada ya saa nzima hasira ilikwisha, nikawa najiuliza nitamwambiaje mama yake.

Alirudi akicheka, uso unang'aa, na mimi sikuweza kusema neno. Tukarudi Muscat kwa gari tulilokodi. Kule huendesha upande wa kulia, kwa hiyo siku zote nilikuwa jicho lake la pili kwenye kila mzunguko. Siku ile nilimwelekeza tu: "Kulia. Nyooka. Kulia." Hapakuwa na watoto wa kutulazimisha kuongea. Karibu na mji wa Qurayyat akaegesha gari pembeni, akazima injini, akasema, "Samahani. Nilifurahi nikakusahau."

Katika miaka kumi na miwili, neno lile sikuwahi kulisikia kwake. Na mimi, nikihesabu kwa haki, sikuwahi kumwambia. Nilimwambia pale pale, la ubani.

5. Tumbo nalo lipewe haki yake

Siku ya tano alinuna tangu asubuhi bila sababu. Dawa yake ilikuwa mishikaki ya kando ya barabara, ambayo Waomani huiita mishkak. Alikula mishikaki minane, akarudi kuwa mtu.

6. Mwenzako ana ujuzi usiowahi kuuona

Ijumaa tuliondoka alfajiri kwenda Nizwa, kiasi cha kilomita 160, kwenye mnada wa mifugo chini ya ngome. Wanunuzi hukaa na kusimama kwa duara, wauzaji wanazunguka katikati na mbuzi wao wakitaja bei kwa sauti, na anayetaka hunyoosha mkono kumsimamisha mnyama ampapase.

Baba yangu alikuwa na zizi. Mume wangu anajua hilo kama anavyojua kabila langu, habari ya kuambiwa tu. Mbuzi mweusi mwenye manyoya marefu alipopita mbele yetu, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Mwenye mbuzi akasimama. Nikafunua mdomo wa mnyama, nikatazama meno ya mbele, nikapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, nikashika kiwele. Mzee wa pembeni, jambia kiunoni, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Umeona nini?" mume wangu akauliza.

"Meno mapana mawili. Mwaka mmoja na kitu. Kiwele kizuri, lakini kwato zimeachwa mno."

Alinyamaza akimfuata yule mbuzi kwa macho. Kisha akanivuta mkono tusogee mbele, kwenye mstari wa wanunuzi, akaninong'oneza: "Na yule wa kahawia je?"

Tulikaa pale mpaka jua likapanda juu ya ngome. Kila mbuzi aliyepita, aliuliza.